Mtoto Akigeuza Uso, Msome

Kichanga huwezi kumuuliza swali akakujibu. Hasemi, haonyeshi kwa kidole, na kilio chake kimoja hubeba njaa, joto, usingizi na tumbo kwa pamoja. Ndiyo maana kwa miaka mingi wasomi wengi waliamini kwamba miezi ya mwanzo ni ya kunyonya na kulala tu, kichwani hamna kitu. Mmoja wa waliowaumbua ni Robert Fantz, mtafiti wa Cleveland, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hakuwa na mashine ya ajabu. Alimlaza mtoto chali ndani ya kisanduku, akatundika picha mbili juu yake, kisha akachungulia kwenye tundu kuona ni picha ipi inayoakisiwa kwenye mboni ya mtoto, na kwa muda gani. Watoto wakawa wanatazama zaidi picha zenye mistari na sura ya mtu kuliko vibao vya rangi tupu. Anayechagua cha kutazama, hata kama ana siku chache duniani, kuna kazi inayoendelea kichwani mwake.

Vifaa vya Fantz vilikuwa macho ya mtoto na saa. Vyote viwili unavyo nyumbani, na ushauri wangu wote leo unatoka hapo: kabla hujanunua chochote kinachouzwa kwa jina la kukuza akili, jifunze kusoma mahali mtoto anapotazama, anapoacha kutazama, na anaporudi.

Waliomfuata Fantz waligundua jambo ambalo kila bibi ameliona bila kulipa jina la kitaalamu. Mwonyeshe mtoto kitu kilekile tena na tena, naye atakitazama muda mfupi zaidi kila mara. Mletee kingine, macho yanarudi kazini. Jambo hili linaonekana dogo, lakini lina mambo mawili ndani yake. Mtu hawezi kukichoka kitu asichokikumbuka. Kwa hiyo mtoto anapochoka kutazama upawa wako, amekuonyesha kwa mpigo mmoja umakini wake na kumbukumbu yake.

Jaribu mwenyewe, na mtoto wa miezi minne au mitano hivi. Chagua saa ambayo ameshashiba, nepi kavu, hana usingizi wala homa. Mtu mwingine ampakate, mgongo wa mtoto ukiegemea kifua chake. Wewe kaa mbele, zima redio, shika upawa wa mti umbali wa sentimita 30 hivi kutoka usoni mwake. Usiutikise, usiimbe, usimwite jina. Hesabu kimya kimya. Utaona nyusi zinainuka kidogo, mdomo unaachama, mikono inatulia, labda mate yanachuruzika. Kisha macho yanateleza pembeni kwenye dirisha. Ficha upawa nyuma yako, subiri kidogo, uulete tena. Mara ya tano au ya sita pengine atauangalia tu kwa adabu na kugeukia kidole chake. Hapo leta kikombe cha bati. Kama macho yamefunguka upya, umeona kwa macho yako kitu ambacho maabara hulipia mamilioni kukipima.

Sasa tahadhari. Huo si mtihani, na matokeo ya siku moja hayamaanishi chochote kuhusu shule atakayofaulu. Watoto wengine huchoka haraka, wengine hung'ang'ania. Tena kuna kipindi ambacho mtoto hupendelea kile cha zamani kuliko kipya, kwa sababu bado hajamaliza kukisoma. Ukileta kikombe naye akabaki kuusaka upawa kwa macho, mrudishie upawa wake. Ndivyo ilivyo pia kwa mtoto mkubwa kidogo anayetaka wimbo uleule mara kumi. Wewe umechoka, yeye yuko katikati ya somo.

Umri unabadilisha kila kitu hapa, kwa hiyo usimlinganishe mtoto wa mwezi mmoja na wa miezi sita. Mtoto aliyezaliwa leo anaona vizuri zaidi kitu kilicho sentimita 20 hadi 30 kutoka usoni, ambao ndio umbali wa uso wa mama anayemnyonyesha. Mengine yote ni ukungu. Basi mapambo yaliyotundikwa darini si yake, ni ya wageni. Katika mwezi wa kwanza na wa pili utamwona akikodolea kitu, taa kwa mfano, kana kwamba amegandishwa, na hata kulia huku bado akikitazama. Mama wengi hupatwa na hofu. Kwa kawaida ni kwamba sehemu za ubongo zinazomwezesha kung'oa macho mahali pamoja na kuyapeleka pengine bado hazijakomaa. Msaidie kwa kuuweka mwili wako kati yake na taa. Kufikia miezi mitatu au minne kifungo hicho hulegea, na ghafla unaonekana kuwa na mtoto mwingine, mdadisi, anayezungusha kichwa kufuata kila apitaye.

Aliyezaliwa kabla ya wakati mhesabie kuanzia siku aliyotarajiwa kuzaliwa. Aliyewahi miezi miwili, akiwa na miezi mitano ya kalenda, mtazame kama wa miezi mitatu. Familia nyingi hukonda kwa mawazo kwa kukosa hesabu hiyo ndogo tu.

Nikija kwenye kosa ninaloliona zaidi kuliko yote, ni la watu wazima wenye mapenzi mengi. Tanzania, tangu ilipozinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto mwaka 2021, habari ya uchangamshi wa awali imesikika zaidi, nami nafurahi. Lakini wapo wanaosikia uchangamshi wakakimbilia kelele na rangi. Mtoto amezungukwa na shangazi watatu, mmoja anapiga makofi, mwingine anatikisa kayamba, wa tatu amemshika kidevu anamgeuza: "Niangalie mimi, niangalie!" Mtoto anageuza uso. Wanamfuata upande wa pili. Anageuza tena, anapiga mwayo, anapinda mgongo, analia. Wanasema ana hasira kama babu yake.

Kugeuza uso ni njia yake ya kupunguza sauti ya dunia. Akigeuka, nyamaza. Mwachie sekunde chache, hata nusu dakika. Mara nyingi atarudi mwenyewe na kukutafuta, na marudio hayo ya hiari ndiyo yenye faida, kwa kuwa sasa macho na akili viko pamoja. Upande wa pili wa jambo hilo aliuonyesha Edward Tronick huko Marekani miaka ya 1970. Alimwomba mama acheze na mtoto wake kama kawaida, kisha akaushe uso na kumtazama bila kuonyesha lolote kwa muda wa dakika kama mbili. Mtoto alitabasamu, akanyoosha mikono, akatoa sauti, akajaribu tena. Alipoona hakuna jibu akageuka na kunyong'onyea. Ukisoma hilo huku simu iko mkononi, utaelewa kwa nini nashauri simu ikae mbali wakati wa kunyonyesha. Si kila wakati, maana mama naye ni mtu. Lakini uso mmoja kati ya nyuso hizo mbili usiwe wa sanamu.

Mtoto akikaribia miezi tisa, mambo yananoga. Anaanza kufuata unapotazama, na baadaye kidogo anakunyooshea kidole ili utazame anachotazama yeye. Hapo kuna kanuni moja tu ninayoisisitiza: mtaje jina la kitu alichokwisha kukikazia macho. Kuku anapita, mtoto ameganda, sema "kuku, kuku anadonoa." Usimtoe kwa kuku umpeleke kwenye kitabu chenye picha ya kuku. Tena mgongoni ni darasa zuri kuliko tunavyolisifu. Aliyebebwa kwa kanga anaona dunia kwa urefu wa mtu mzima, anaona nyanya zikichaguliwa, chenji ikihesabiwa, majirani wakisalimiana, na kila mara kuna sauti ya mama inayotetema kupitia kifuani kwake. Kinachopungua ni uso. Kwa hiyo ukimshusha, mpe dakika za uso kwa uso.

Kuhusu kumbukumbu, mwalimu wetu mkubwa ni Carolyn Rovee-Collier, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Rutgers, na chanzo ni shida ya kila mzazi. Alikuwa na mtoto mchanga nyumbani na kazi za kuandika zikimsubiri. Akafunga utepe kwenye kifundo cha mguu wa mtoto, ncha nyingine akaifunga kwenye vipambo vilivyoning'inia juu ya kitanda. Mtoto akirusha teke, vipambo vinacheza. Hakukawia kugundua mchezo. Mama akapata nafasi ya kuandika, na sayansi ikapata njia ya kumuuliza mtoto asiyesema: je, unakumbuka? Maana ukimrudisha chini ya vipambo vilevile siku nyingine, bila utepe kuvutwa, anayekumbuka atarusha mateke mara moja. Watoto wa miezi miwili walikumbuka kwa siku moja au mbili, wa miezi mitatu kwa wiki moja hivi, wa miezi sita kwa wiki mbili. Kwa watoto wakubwa alitumia treni ya kuchezea inayoendeshwa kwa kubonyeza wenzo, na wa miezi 18 walikumbuka kwa wiki 13. (Usimfungie mwanao uzi nyumbani. Kamba na kichanga havikai pamoja bila mtu mzima kuwa pale pale, wala haifai kufanya hivyo kwa kumfurahisha tu.)

Mawili katika kazi yake yanamhusu mzazi moja kwa moja. La kwanza ni kwamba kumbukumbu iliyopotea mara nyingi haijafa. Watoto wa miezi mitatu waliokuwa wamesahau kabisa baada ya wiki mbili, walipoonyeshwa vipambo vikicheza kwa dakika chache tu siku moja kabla ya kupimwa, walikumbuka upya. Rudia basi kidogo kidogo, kwa siku nyingi. Wimbo mmoja wa kuogea, uleule, kila jioni, una kazi kubwa kuliko nyimbo ishirini za Jumapili. La pili ni kwamba kumbukumbu ya mtoto wa miezi sita imefungamana na mahali. Kitambaa cha pembeni mwa kitanda kilipobadilishwa tu, watoto walionekana kutojua lolote. Ukimpeleka kwa bibi Moshi au Kisumu, akaacha kupunga mkono na kupiga makofi aliyokuwa akiyapiga nyumbani, usimkaripie wala usiseme amerogwa na safari. Beba shuka yake, beba kikombe chake, imba wimbo uleule, umpe siku chache.

Baba aliye kazini mbali huniuliza kama mtoto atamkumbuka. Utepe wa Rovee-Collier haukupima akina baba, lakini ningemshauri aitumie kanuni hiyo ya kukumbusha: sauti kila siku, saa ileile, maneno yaleyale. Anthony DeCasper na William Fifer walionyesha mwaka 1980 kwamba watoto wa siku chache tu walinyonya chuchu ya bandia kwa namna itakayowapatia sauti ya mama yao badala ya ya mwanamke mwingine. Sauti huingia mapema sana. Simu ya video kwa dakika chache, mama akiwa amempakata na kumwonyesha, hata Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani hakiihesabu pamoja na televisheni ya kumtuliza.

Kwa televisheni yenyewe sina huruma. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linasema mtoto wa chini ya mwaka mmoja asikalishwe mbele ya skrini kabisa, na wa mwaka mmoja vilevile. Akifikisha miaka miwili isizidi saa moja kwa siku. Utasema: mbona anatulia, hata macho hayapepesi? Kutulia huko ndiko kunakonitia shaka. Picha inayobadilika kila sekunde chache inamletea kipya kabla hajakichoka cha zamani, kwa hiyo ile kazi ya kutazama, kuelewa, kuchoka na kuchagua anafanyiwa na mashine. Na somo lenyewe halishiki. Patricia Kuhl wa Seattle na wenzake walichapisha mwaka 2003 utafiti wa watoto wa Kimarekani wa miezi tisa waliofundishwa sauti za Kichina. Waliochezewa na mtu aliye hai walijifunza kuzitofautisha. Waliopewa mtu yuleyule na vitabu vilevile kwenye video hawakupata kitu.

Mchezo wa bure nao huu hapa, kwa wa miezi minane kuendelea. Tandika kanga mbili sakafuni, ficha kijiko chini ya moja akiona. Mshike mikono kidogo, kisha mwachie. Akishazoea kukipata kulia, kifiche kushoto mbele ya macho yake. Mara nyingi atakwenda kulia tena. Adele Diamond alipima muda ambao mtoto anaweza kusubirishwa kabla hajakosea hivyo: wa miezi saba na nusu hawafiki sekunde mbili, wa mwaka mmoja huvuka sekunde kumi. Kinachokua hapo ni uwezo wa kushikilia jambo akilini na kuuzuia mkono usifuate mazoea. Ongeza muda wa kusubiri taratibu, na akikosea cheka naye. Kuna wazazi wanaogeuza hili kuwa usaili. Tafadhali, usiwe mmoja wao.

Usingizi umewekwa pembeni sana katika mazungumzo haya, ilhali ndimo kumbukumbu inamopikwa. Sabine Seehagen na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2015, waliwaonyesha watoto wa miezi 6 na 12 vitendo vya kufanya na kikaragosi cha mkononi. Waliolala angalau nusu saa ndani ya saa nne baada ya somo walikumbuka vitendo. Ambao hawakulala hawakukumbuka. Mwamshe mtoto aonwe na wageni kama huna budi, ila ujue unachokatiza. Mwenye miezi 4 hadi 11 anahitaji saa 12 hadi 16 kwa siku, vipande vya mchana vikiwemo.

Chakula nacho. Madini ya chuma yakipungua kwa muda mrefu, ubongo unaumia, na katika utafiti wa Betsy Lozoff huko Costa Rica waliopungukiwa sana utotoni walibaki nyuma hata miaka mingi baadaye. Muulize mkunga kabla ya kujifungua kama kitovu kitasubiri walau dakika moja kabla ya kukatwa. Nyonyesha pekee hadi miezi sita. Kisha uji mtupu hautoshi: ponda maini, saga dagaa, weka maharage, kamulia ndimu kwenye mboga. Chai ya rangi anayochovyewa mkate inazuia chuma kufyonzwa, nayo ni desturi ya nyumba nyingi.

Huenda siku moja watafiti wa makuzi ya watoto wakabisha hodi kwako. Kilifi kuna watafiti waliotengeneza kipimo chao cha makuzi ya watoto kwa kutumia vitu ambavyo mtoto wa pwani anavifahamu, na kijijini Keneba, nchini Gambia, familia zaidi ya 200 zilikubali watoto wao wafuatiliwe tangu kuzaliwa hadi miaka miwili, wakivishwa kofia yenye taa ndogo. Kofia hiyo huwatia watu hofu, kwa hiyo nieleze. Weka tochi nyuma ya vidole vyako gizani, utaona wekundu unapita. Mwanga wa aina hiyo huingizwa kichwani na mwingine hurudi, na kiasi kinachorudi hutegemea damu iliyofika sehemu inayofanya kazi. Haichomi, haichukui damu, haisomi mawazo. Kofia nyingine, ya nyaya, husikiliza tu umeme mdogo ambao ubongo huutoa wenyewe.

Hata hivyo uliza. Kibali cha maadili kiko wapi? Tanzania hutolewa na NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Kenya huwa na kamati za maadili na leseni ya NACOSTI, Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu. Data za mwanangu zitatunzwa na nani? Naweza kujitoa katikati bila kunyimwa huduma ya kliniki? Jibu la swali la mwisho lazima liwe ndiyo. Na mtoto akilia, kipimo kinasimama, hata kama gari la mradi linasubiri.

Wapo wanaosema yote haya ni bure kwa kuwa mtoto hatakumbuka lolote. Ni kweli hakuna anayesimulia siku aliyoota jino la kwanza. Lakini mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha matokeo ya watoto 26, wa miezi minne hadi miaka miwili, waliopigwa picha za ubongo wakiwa macho, wakitazama sura na vitu. Hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohifadhi matukio, ilionekana kufanya kazi ya kuhifadhi, hasa kwa waliovuka mwaka mmoja. Watoto wanaandika. Kwa nini baadaye tunashindwa kusoma maandishi hayo, hilo bado linatafutwa.

Mwisho, mambo ya kumpelekea muuguzi bila kungoja tarehe ya kliniki. Miezi mitatu imepita na hafuati uso wako kwa macho, au hashtuki kwa kishindo. Macho yana ukungu mweupe au yanacheza cheza bila kutulia. Miezi tisa na hageuki akiitwa jina wala hajibu kwa sauti. Na katika umri wowote, alikuwa anafanya jambo akaliacha: alitabasamu, sasa hatabasamu; alitamka silabi, sasa kimya. Nenda na kadi, na kama simu yako ina kamera, rekodi dakika moja ukiwa nyumbani akiwa ameshiba, maana kliniki mtoto hulala au hulia, naye muuguzi mwenye foleni ya akina mama arobaini hataweza kusubiri aamke.